Mvueni Viatu Mgonjwa

Wazazi mtaniwia radhi, leo nina neno na vijana wa fiziotherapia.

Neno lenyewe ni unyayo. Miaka yote ya kazi yangu jambo moja limeniuma: mgonjwa analalamika goti, anapigwa picha ya goti, anakandwa goti, kisha anarudi kwao na viatu miguuni kama alivyokuja. Hakuna aliyemtazama akitembea!

Unyayo una mifupa 26 na matao matatu. Mguu ukitua, tao la ndani hushuka kidogo, kisigino hulalia ndani, muundi nao huzunguka kuelekea huko huko. Goti na nyonga hufuata. Ukitaka kusonga mbele, vidole hukunjika kwenda juu, utando mgumu wa chini ya unyayo hukazika, tao hupanda, na unyayo uliokuwa laini huwa mgumu wa kusukumia. Mtafiti aitwaye Hicks alieleza utaratibu huu mwaka 1954. Sasa goti utalielewaje bila hayo? Kama chumba chenu ni kidogo, mtoeni mgonjwa koridoni, hata uani, atembee pekupeku. Na ndala zake zigeuzeni mwone zimelika upande gani.

Kuna na hili la watoto. Mtoto wa miaka miwili karibu kila mara ana unyayo bapa. Tao hujitokeza kadiri anavyokua. Naumia nikiona mama anauziwa soli za bei kubwa kwa mtoto asiye na tatizo. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo mwambieni asimame kwa ncha za vidole. Tao likijitokeza, na haumwi, mwacheni akacheze. Likikataa, au unyayo umekakamaa, au unauma, apelekwe kwa daktari wa mifupa.

Ila mtu mzima ambaye unyayo wa mguu mmoja tu umeanza kuwa bapa, na anaumwa nyuma ya kifundo upande wa ndani, huyo msimwambie ni uzee. Huenda kano inayolishika tao inachakaa. Mwambieni asimame kwa mguu huo mmoja ainue kisigino. Akishindwa, mwandikieni rufaa siku hiyo hiyo, kabla unyayo haujakakamaa ulivyolala.