Kuuliza Kabla ya Kulipa: Kuishi na Maltipo Sklerosisi



Tumekuja kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi nchini Tanzania hawajausikia, na ambao hata aliye nao huweza kuhangaika muda mrefu kabla ya kulijua jina lake. Ugonjwa huo ni maltipo sklerosisi. Hatukuja kumkataza mtu kutafuta nafuu. Tumekuja kuomba jambo moja tu, nalo ni kwamba kila tiba iulizwe maswali kabla ya kulipiwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ni mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme: ukichubuka, ujumbe hufika kwa kusuasua au haufiki kabisa. Ndiyo maana mmoja huona ukungu katika jicho, mwingine hufa ganzi miguu, na mwingine huchoka uchovu usiolingana na kazi aliyoifanya. Si uchawi, si laana, wala hauambukizi. Watu zaidi ya milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini, na uchache huo humwacha mgonjwa wa kwetu katika upweke. Aliye mpweke hushawishika upesi.

Liko jambo moja ambalo tungependa kila familia ilishike. Kwa wagonjwa walio wengi, ugonjwa huu huanza kwa mashambulio yanayokuja na kuondoka. Shambulio huweza kudumu siku kadhaa au majuma, kisha likapungua lenyewe, hata pasipo dawa. Sasa mchukueni mtu aliyekufa ganzi mguu, akanywa unga wa mizizi juma la tatu, na juma la nne akatembea. Atausifu unga ule kwa moyo wote, na hatakuwa mwongo, kwani anasimulia aliyoyaona. Lakini wahenga walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata ukiwa wa kweli, hauwezi kutuambia kama ni unga ulioleta nafuu au ni nafuu iliyokuwa inakuja.

Msidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma. Mwaka 2009 daktari mmoja wa Italia, Paolo Zamboni, alieleza kwamba chanzo cha ugonjwa huu huenda ni kusinyaa kwa mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, na kwamba kuipanua kwa puto dogo kungeleta nafuu. Habari zilienea kwa kasi. Wagonjwa wengi wa Canada walisafiri nchi za mbali na kulipa fedha nyingi ili wapanuliwe mishipa. Mei 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, ikitaja taarifa za vifo, kiharusi, kuganda kwa damu, na vifaa vilivyowekwa ndani ya mishipa kuhama mahali pake. Kisha yakafanyika majaribio ya haki. Nchini Canada wagonjwa 104 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipanuliwa mishipa, wengine walipitishiwa mrija tu, wala hawakuambiwa nani kafanyiwa lipi. Baada ya mwaka mmoja, hapakuwa na tofauti. Zamboni mwenyewe aliongoza jaribio kama hilo Italia, na mwaka 2017 yeye na wenzake wakatangaza kwamba upasuaji huo haupendekezwi. Tunamheshimu kwa kuyatangaza. Lakini fedha za waliosafiri hazikurudi, na muda wao haukurudi.

Muda ndio gharama kubwa kuliko zote. Mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haufufuki. Zipo dawa za hospitali zinazopunguza mashambulio, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati ya hizo katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Haziponyi kabisa, zina madhara yake, na si kila hospitali inazo. Hata hivyo, anayezipata asiziache kimyakimya kwa ahadi ya muuzaji, kwa kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa huu zikikatizwa ghafla, mashambulio huweza kurudi kwa nguvu.

Yako pia mengi yaliyo mikononi mwa mgonjwa. Mazoezi ya kiasi huimarisha misuli na kupunguza uchovu. Kuacha sigara ni tiba, maana uvutaji huharakisha ulemavu. Joto la mwili likipanda, dalili za zamani huweza kuzuka, na likishuka hutulia. Kwa hiyo fanya kazi na mazoezi asubuhi mapema, tafuta kivuli, oga maji ya baridi. Homa itibiwe mapema. Vitamini D humfaa aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, lakini dozi iliyopita kiasi huumiza figo.

Kwa anayetaka kujaribu tiba asili au tiba mbadala, tunapendekeza maswali matano.

Kwanza, je, mtoa tiba na dawa yake wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Kumbuka kwamba usajili si ushahidi wa kuponya.

Pili, dawa hiyo ina nini ndani yake? Asiyetaka kusema asipewe fedha.

Tatu, je, inasifiwa kwamba huongeza kinga? Ikiwa kweli huiamsha kinga, itamfaaje mtu ambaye kinga yake ndiyo inayomshambulia?

Nne, ilijaribiwa kwa kulinganisha waliotumia na wasiotumia? Sumu ya nyuki, inayosifiwa sana, ilijaribiwa hivyo Uholanzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 hayakuonyesha faida.

Tano, je, unaambiwa uache dawa za hospitali, ulipe zote mapema, au umfiche daktari? Likiwapo mojawapo, ondoka.

Mwisho, mwambieni daktari kila mnachotumia, hata kama ni majani ya kuchemsha. Nanyi wahudumu wa afya, msimkemee anayewaambia ukweli, maana aliyekemewa leo kesho atanyamaza.

Kutafuta nafuu ni haki ya kila mgonjwa. Tunachowaomba ni kwamba haki hiyo isigeuzwe mtaji wa mtu mwingine.