Ukuta wa Nyuma: Nani Aseme Badiliko ni Dogo?

(Mada kwa semina ya wenye zahanati na wataalamu wa mionzi, Kinondoni, Dar es Salaam)



Nilipoletewa kichwa cha mada hii, yaani udhibiti wa mabadiliko katika leseni ya mtambo wa nyuklia, nilipiga simu kuuliza kama barua haijapotea njia. Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia hata mmoja. Sisi Kinondoni tuna vyumba vya eksirei. Nimeikubali mada kwa sababu swali lililo ndani yake linatuhusu sote: ukishapata leseni, kisha kitu kikabadilika, nani anaamua kama badiliko hilo ni dogo?

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Kuna zahanati moja ya binafsi huku kwetu, jina naliacha. Chumba chake cha eksirei kilikaguliwa, kikapata leseni. Ukuta wa nyuma ulitazamana na uwanja mtupu, paliponing'inia kamba za kuanikia nguo na kuku watatu wakichakura. Hesabu ya kinga ilipigwa kwa kuzingatia hali hiyo. Mahali pa nje ambapo watu hupita tu, wataalamu huhesabu kwamba yupo mtu kwa sehemu moja ya arobaini ya muda. Mahali anaposhinda mtu kutwa nzima, kama ofisini, huhesabu moja kamili. Ukuta unaotosha kwa hesabu ya kwanza si lazima utoshe kwa ya pili.

Miaka miwili baadaye mwenye kiwanja akajenga fremu tatu, tena akautumia ukuta ule ule wa zahanati ili aokoe tofali. Fremu ya katikati akapanga fundi cherehani. Upande mmoja wa ukuta kuna stendi ya kupigia picha za kifua. Upande wa pili, hatua moja tu, fundi ameinamia suruali ya mteja.

Nilimuuliza msimamizi kama ametoa taarifa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Taarifa ya nini, kaka? Mashine si ile ile?"

Hakudanganya. Mashine ni ile ile, taa nyekundu ya mlangoni ni ile ile, na leseni iko ukutani ndani ya kioo. Kilichobadilika ni ile sehemu moja ya arobaini. Mfanyakazi wa eksirei anaruhusiwa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka na anavaa kipima mionzi kifuani. Fundi ni raia wa kawaida: kikomo chake ni milisiveti 1, na kifuani havai chochote zaidi ya futi ya kupimia nguo aliyoivaa shingoni. Msinielewe vibaya. Picha moja ya kifua ina dozi ndogo sana, na huenda ukuta ule ulimtosha. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyepima.

Neno hili "ni ile ile" limewahi kufunga mtambo mzima. Pwani ya Kalifornia, kati ya Los Angeles na San Diego, kulikuwa na mtambo wa San Onofre. Kanuni za Marekani zinamruhusu mwenye mtambo kufanya mabadiliko bila kuomba kibali, mradi tathmini yake mwenyewe ionyeshe kuwa hayagusi misingi ya usalama iliyompatia leseni. Yakiigusa, lazima aombe marekebisho ya leseni. Hapo ombi hutangazwa, na wananchi wanapata nafasi ya kudai lisikilizwe. Kampuni ya Southern California Edison, mwenye mtambo huo, iliposimika majenereta mapya manne ya mvuke (vyombo vinavyogeuza maji kuwa mvuke) kati ya 2010 na 2011, ilipita njia ile ya kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba kinatoka kifaa, kinaingia mwenzake.

Lakini kila jenereta jipya lilikuwa na mirija 9,727, wakati la zamani lilikuwa na 9,350, na nguzo ya katikati ilikuwa imeondolewa. Tarehe 31 Januari 2012, kabla kinu cha tatu hakijatimiza mwaka tangu kiwashwe na majenereta hayo, mrija mmoja ulivuja. Mafundi walipofungua walikuta mirija imekuwa ikitikisika na kusuguana hadi kulika. Hakuna aliyeumia. Tarehe 7 Juni 2013 kampuni ilitangaza kuufunga mtambo moja kwa moja.

Afrika Kusini nao walibadilisha majenereta ya mvuke huko Koeberg, karibu na Cape Town. Leseni ya kinu cha kwanza ilikuwa inaisha Julai 2024, na mdhibiti akaiongeza miaka 20 baada ya kuwaita wananchi kutoa maoni. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2022, waziri alimwondoa Peter Becker, mwakilishi wa jamii katika bodi ya mdhibiti, kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya nyuklia. Mapema 2023 mahakama ilitengua uamuzi huo. Kwangu mimi, hukumu ile iliyomlinda mwakilishi wa jamii ina uzito zaidi kuliko zege lote la Koeberg.

Turudi nyumbani. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 imeipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) kazi mbili: kudhibiti mionzi, na pia kuhamasisha matumizi salama ya teknolojia ya nyuklia. Kwa eksirei za mtaani huenda tusihisi ubaya wa kuzichanganya kazi hizo. Tukija kujenga kinu, tutauhisi. Wamarekani walikuwa na tume moja ya namna hiyo, wakaivunja, na mdhibiti wao akaanza kazi peke yake Januari 1975. Kenya haina mtambo, lakini tangu 2019 wakala wa kuendeleza nyuklia ni mwingine na mdhibiti ni mwingine. Sisi tunazungumzia uchimbaji wa urani ya Mto Mkuju huku refa akiwa bado ndiye mhamasishaji wa mechi.

Hata hivyo, mkaguzi hawezi kulala kwenye uwanja wa kila zahanati. Fremu inajengwa kwa wiki mbili, na anayeiona ikijengwa ni wewe mwenye leseni. Ukihamisha stendi, ukigeuza mlango, jirani akiegemeza chumba kwenye ukuta wako, iandikie Tume kabla ya kupiga picha nyingine, uombe waje wapime.

Ndugu washiriki, kabla hatujaenda kunywa chai, kila mmoja ana karatasi mezani. Naomba aandike ni nani anakaa nyuma ya ukuta wa chumba chake cha eksirei leo hii. Asiyejua aandike kwamba hajui. Karatasi nitazikusanya mlangoni.