Kinachopungua Sahanini Si Nyama



Siku hizi mijini, Dar es Salaam na Nairobi, wapo vijana wanaosema wameachana kabisa na vyakula vya wanyama. Hawali nyama wala samaki, hawanywi maziwa, hawagusi mayai, na wengine hata asali wameiweka kando. Wazee wakisikia wanaguna: huo ni ulimbukeni wa Kizungu. Ukiingia duka kubwa la Masaki au Westlands utaona kwa nini wanaguna. Rafu ya vyakula vya watu hawa imejaa maziwa ya lozi yaliyovuka bahari na soya za pakiti zilizokuja kwa meli, na bei yake inakaribia ya kuku wa kienyeji.

Leo naomba tuiache rafu hiyo, tuulize swali jingine. Mtu wa huku akiamua kula mimea tu, tena iliyolimwa hapa hapa kwetu, ataishi vizuri? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti mawili. Na sharti la kwanza linamhusu hata yule asiyekuwa na mpango wowote wa kuacha nyama.

Tuanzie shambani. Dodoma na Singida kuna mtama, uwele na alizeti. Lindi na Mtwara kuna ufuta, korosho na mbaazi. Kigoma kuna mawese. Wachagga wana kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Wapare na watu wa Tanga wana makande. Wasukuma wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa ili vivuke kiangazi. Pwani kuna mbaazi za nazi na kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa tui. Mboga za majani ndiyo usiseme: mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu, mgagani, mlenda. Kule Arusha kuna Kituo cha Dunia cha Mboga, ambacho kinatunza mbegu za mboga zetu hizi za asili ili zisipotee. Vyote hivyo havina tone la damu wala la maziwa, na hakuna kilichongoja kibali cha bandari.

Ila anayesema atakula vya hapa tu ajiandae kwa mshtuko mdogo asubuhi. Chapati, maandazi na mkate vitamponyoka, kwa sababu sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje. Mafuta ya kupikia nayo ayachunguze, maana mengi tunayotumia ni ya mawese kutoka Asia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Indonesia ikazuia kwa muda kuuza mawese nje, jikoni kwetu tuliisikia bei. Mla vya nyumbani atabaki na muhogo, magimbi, viazi vitamu na uji wa ulezi, na mafuta yake yatakuwa ya alizeti au ufuta. Kwa kweli hapo hajapoteza kitu. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa. Unga wa sembe wa uzito huo huo haufikishi hata 20.

Sasa sharti la kwanza: mchanganyiko. Wengi wetu tukisikia mtu hali nyama, tunamwonea huruma kwamba anakula kimaskini. Picha inayotujia ni bonge la ugali wa sembe na majani kidogo yaliyochemshwa, mchana na usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Mlo huo ni duni, sikatai. Lakini tumeusoma vibaya uduni wake. Tunadhani kinachokosekana pale ni nyama, kumbe vinavyokosekana ni vitu vingi, na karibu vyote vinaota ardhini.

Chukua protini. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini kiitwacho laisini. Maharage, kunde, choroko na mbaazi vina laisini tele, ila vina upungufu wa kijenzi kingine, ambacho nafaka inacho. Ukivila pamoja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Aliyebuni makande hakuwa na maabara, lakini sahani yake inapita mtihani wa maabara.

Mwaka 1990 mpangilio huo ulivunjika kwa jirani zetu, na matokeo yake yaliandikwa hospitalini. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walitegemea mgawo wa chakula ambao msingi wake ulikuwa mahindi, pamoja na karanga. Usambazaji wa karanga ukakatika. Haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kubabuka ngozi shingoni na mikononi, wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa akili. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra, unaotokana na ukosefu wa vitamini ya niasini. Waliougua walizidi 17,000. Msikilizaji, zingatia kilichoondoka kwenye mgawo ule. Karanga ndizo zilizoondoka, na watu wakaumwa.

Hapa kwetu somo hilo lipo kwa sura nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, takribani 30 walikuwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa idadi hiyo ilipita nusu. Iringa, ghala la mahindi! Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama anayeshinda shambani asipate muda wa kumlisha mtoto mara nyingi inavyotakiwa. Hata hivyo, wataalamu hawachoki kuitaja na hii: ghala limejaa, lakini limejaa kitu kimoja.

Na tusidhani vingine havilimwi. Vinalimwa, ila hatuvihesabu kuwa ni chakula chetu. Mbaazi ni mfano mzuri. Huko Manyara, Lindi na Mtwara wakulima wamezilima kwa miaka mingi kwa ajili ya soko la India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei huku ikaporomoka, magunia yakakosa mnunuzi, mkulima akashika tama. Wakati huo huo, mjini hapa hapa, kuna mama aliyekuwa anakuna kichwa amlishe nini mwanawe kwa sababu nyama imepanda. Zao lenye protini nyingi kuliko nafaka yoyote tuliyonayo lilikosa wa kulila katika nchi iliyolilima. Ukiacha Waswahili wa Pwani wanaolipika kwa nazi na kulila asubuhi, wengi wetu tumeliachia meli.

Ninajua jibu la jikoni: mbegu kavu za jamii ya maharage zinakula mkaa. Ni kweli, na hoja hiyo si ndogo kwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo. Dawa yake ya kwanza ni kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale. Muda wa kupika unapungua, gesi tumboni inapungua, na madini yanafyonzwa vizuri zaidi. Magadi yanalainisha upesi, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B, kwa hiyo yatumie kwa nadra. Mboga za majani zikamulie limau au zipike na nyanya, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mimea. Chai nayo iahirishe. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na chakula kinazuia chuma hicho hicho ulichokitafuta. Kinywe saa moja au mbili baadaye. Na chumvi iwe ile yenye madini joto.

Sasa sharti la pili, na hapa vijana wetu naomba wanisikilize kwa makini. Kuna vitamini moja ambayo shamba haliwezi kukupa, nayo ni B12. Mchicha hauna, maharage hayana, ulezi hauna. Inapatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye vidonge na vyakula vilivyoongezewa virutubishi. Ukiikosa kwa muda mrefu damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika, na uharibifu mwingine haurudi nyuma.

Mtu ataniuliza, mbona Waethiopia? Swali zuri. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia wanaoshika mfungo kikamilifu hawagusi nyama, maziwa wala mayai kwa zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Wanakula injera ya tefu, shiro ya unga wa jamii ya maharage, dengu na mboga, vyote vya kwao. Sijui kama Afrika ina mapishi ya mimea yaliyokomaa kuliko hayo. Lakini Pasaka ikifika, kuku wa doro wat yuko mezani, na siagi imerudi. Ini la binadamu lina akiba ya B12 inayoweza kukaa miaka, na kila sikukuu wao wanaijaza. Asiyerudi kabisa kwenye maziwa wala mayai anaitumia akiba hiyo bila kuijaza. Watu walioanzisha chama cha kwanza cha walaji wa namna hii, Uingereza mwaka 1944, hawakuwa na namna ya kulijua hilo, kwa kuwa B12 yenyewe ilitengwa maabara mwaka 1948. Sisi hatuna kisingizio hicho. Anayeacha vyakula vyote vya wanyama ameze kidonge chake au asome lebo ya unga aone kama B12 imo. Na asimlazimishe mtoto mchanga wala mama mjamzito kumfuata bila ushauri wa mtaalamu wa lishe. Ikiwa kidonge hicho kimetoka nje ya nchi, basi na kitoke. Afya haipimwi kwa ukali wa msimamo.

Limebaki jambo ambalo halimo kwenye jedwali la lishe. Kwetu nyama ni heshima. Mgeni huchinjiwa kuku. Nenda ukweni, ukatae kuku, useme unaomba maharage, uone kikao kitakachoitishwa. Hata kwa mama ntilie, mchicha unaweza kuwa umetiwa dagaa, na ukiuliza unaambiwa, "Si mboga hiyo, mwanangu?" Kijana anayeacha nyama asiende na hotuba. Aende na chungu. Awapikie wakwe kunde za nazi zilizoiva vizuri, mtama na majani ya maboga yenye karanga, wale washibe, ndipo azungumze.

Nami simshawishi mtu kuacha nyama; hilo kila mtu na uamuzi wake. Ninachodai ni kwamba tuache kuipima sahani kwa kuuliza kama ina nyama. Tuulize ina aina ngapi. Nafaka ipo? Jamii ya maharage ipo? Karanga, ufuta au korosho je? Mboga ya kijani? Tunda? Mla nyama na asiyekula wote wanabanwa na maswali hayo, na yeyote anayeyajibu kwa ugali na mchuzi mtupu amefeli, hata kama mchuzi huo una kipande cha ng'ombe. Safari ijayo ukienda sokoni, kabla ya kufika buchani, simama kwa muuza nafaka. Nunua kilo ya mbaazi, ya choroko na ya kunde. Mkulima wa mbaazi wa Manyara anahitaji mnunuzi asiyeweza kufunga mpaka wake ghafla, na mnunuzi huyo ni wewe.