Taa za Kuongozea Magari: Mazungumzo na Wananchi wa Balangdalalu
Ndugu wananchi, hapa mmezoea kuvuka kwa macho na masikio. Basi likiwashusha Arusha au Dar es Salaam, mtakutana na taa. Nyekundu humtaka dereva asimame nyuma ya mstari. Njano humtaka asimame pia, iwapo anaweza kusimama kwa usalama. Wala si ruhusa ya kukimbilia, ingawa tunawaona wengi wakiigeuza hivyo. Mwenda kwa miguu angoje taa yake ya kijani, amshike mtoto mkono, kisha atazame kulia, kushoto na kulia tena, kwani bodaboda hupenya hata magari yaliposimama. Penye njia ya mabasi yaendayo haraka, tunawaomba mtazame pande zote mbili. Askari akiongoza magari, ifuatwe ishara yake, hata taa ikionyesha vingine.