Kidole Kimoja Hakivunji Chawa
(Maneno tuliyowaambia akina mama wa vikundi, Likoni)

Sisi huku barafu twaijua ya kutilia samaki tu. Lakini Nairobi, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na wasichana nao hucheza hoki humo.

Kule Kanada na Marekani wanawake wa mchezo huu walilipwa kidogo mno, wengine dola 2,000 kwa msimu. Mwaka 2019 wachezaji 200 na zaidi walikataa kucheza mpaka wapate mshahara na bima. Wakangoja. Januari 2024 ligi mpya ikaanza. Mshahara wa chini wakati huo ulikuwa dola 35,000.

Angekataa mmoja, angeachwa. Basi binti yetu akiitwa kucheza, tusimzuie. Tuusome mkataba pamoja, kikundi kizima.