Dawa Iko Njiani: Hesabu ya Kununua Dawa kwa Intaneti

Ikiwa una kalamu na karatasi hapo karibu, zichukue, kwa maana leo tutapiga hesabu. Kama huna, usijali, tutakwenda polepole.

Siku hizi si lazima uende mjini kutafuta dawa. Unafungua simu, unaandika jina la dawa, unaona picha na bei, unatuma picha ya karatasi ya daktari, unalipa kwa M-Pesa, na mzigo unakuja kwa basi au boda boda. Ni jambo jema, hasa kwa sisi tunaoishi mbali. Lakini je, ile bei unayoiona kwenye simu ndiyo gharama yote? Hilo ndilo swali letu la leo.

Nikupe mfano wa mama mmoja aliyekuja kwenye kliniki yetu ya shinikizo la damu. Nilimpima, mashine ikaonyesha 190 kwa 110. Nikamwambia apumzike, nikampima tena. Ilikuwa vilevile. Nikamwuliza, "Mama, dawa unameza kila siku?" Akanijibu kwa utulivu, "Sista, dawa iko njiani."

Iko njiani! Kumbe alikuwa amekaa siku 9 bila kumeza hata kidonge kimoja. Mwezi uliotangulia dawa zilikuwa zimekwisha katika stoo yetu, tukamwandikia akanunue. Kijana wake akamtafutia duka la intaneti lenye bei nafuu. Mzigo ukaachwa kwenye steji ya mji mwingine, simu ya mama ilikuwa imezimika, na siku zikapita. Nasi zahanati tulikuwa tumeshapokea dawa hizo hizo, wala hatukumpigia simu kumjulisha. Hapo tulikosea sisi.

Sasa tupige hesabu ya mama huyu. Dawa yake ni amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, yaani vidonge 30 kwa mwezi. Duka la dawa la hapa kwetu lilimwambia shilingi 10 kwa kidonge, jumla shilingi 300. Duka la intaneti lilimwonyesha shilingi 7 kwa kidonge, jumla shilingi 210. Familia ikafurahi kwamba imeokoa shilingi 90. Lakini kuletewa mzigo kulikuwa shilingi 250. Ongeza 250 kwa 210, unapata 460. Gawanya kwa vidonge 30. Kila kidonge kimemgharimu zaidi ya shilingi 15! Na hapo hatujahesabu nauli yake ya kufuata mzigo steji. Bei za kwako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Kwa hivyo, msikilizaji, kanuni ya kwanza ni hii: usilinganishe bei ya pakiti na bei ya pakiti. Jumlisha kila kitu utakacholipa hadi dawa ifike mkononi mwako, kisha ugawanye kwa idadi ya siku ambazo dawa hiyo itakutosha. Hiyo ndiyo bei ya siku moja, na ndiyo bei ya kweli.

Ni vitu gani vya kujumlisha? Kwanza, bei ya dawa. Pili, gharama ya kuletewa. Tatu, ada ya kutuma pesa, kama ipo. Nne, ada ya kuzungumza na daktari, ikiwa duka hilo linatumia daktari wa simu kukuandikia dawa. Tano, nauli yako mwenyewe ikiwa mzigo haufiki mlangoni. Uliza mambo haya kabla ya kulipa. Duka la kweli litakujibu.

Angalia pia idadi ya vidonge. Pakiti nyingine ina vidonge 28, nyingine 30. Ukinunua ya 28 huku ukidhani ni ya mwezi mzima, utaishiwa kabla mwezi haujakwisha. Angalia nguvu ya dawa pia. Miligramu 5 na miligramu 10 si kitu kimoja, hata kama picha zinafanana.

Jambo lingine ni jina. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Kuna jina la dawa yenyewe, na kuna jina ambalo kampuni imeipa. Yenye jina la kampuni mashuhuri mara nyingi huwa na bei ya juu, ingawa kiini cha dawa ni kile kile. Mwombe daktari au mwuguzi akuandikie jina la dawa yenyewe, kisha umwulize mfamasia, "Iko ya bei nafuu ambayo imesajiliwa?" Si aibu kuuliza hivyo.

Labda utasema, "Basi nitaagiza ya miezi 3 kwa pamoja." Haya, tuhesabu. Vidonge 90 kwa shilingi 7 ni 630. Ongeza 250 ya kuletewa, unapata 880. Kwa duka la karibu ungelipa 900. Umeokoa shilingi 20 tu kwa miezi mitatu. Lakini tuseme wewe na jirani yako, kila mmoja na karatasi yake ya daktari, mmeagiza mzigo mmoja. Mara mbili 630 ni 1,260, ongeza 250, ni 1,510. Dukani mngelipa 1,800. Hapo mmeokoa shilingi 290. Hiyo sasa ni akiba. Kila mtu ameze ya kwake, msigawane dawa.

Tahadhari moja. Usinunue dawa ya miezi mingi ikiwa umeanza matibabu juzi au daktari bado anakubadilishia kipimo. Maduka mengi hayarudishi pesa ya dawa ikishatoka. Daktari akibadilisha dawa, pesa yako imekwenda.

Na wewe unayetumia insulini, sikiliza vizuri. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Uliza itasafirishwa vipi na kama kuna malipo ya zaidi kwa chombo cha baridi. Ikifika imepata moto au imeganda, usijidunge. Wapigie simu waliokuuzia, na uende kituo cha afya upate nyingine bila kuchelewa.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye simu, nayo ni dawa bandia. Utaitambuaje hatari? Ikiwa mtu anakuuzia dawa ya kuandikiwa na daktari bila kukuuliza karatasi, jihadhari. Ikiwa hakuna jina la mfamasia, hakuna mahali duka lilipo, na pesa zinatumwa kwa nambari ya mtu binafsi, jihadhari. Ikiwa bei ni ya chini mno kuliko kwingine kote, jiulize kwa nini. Hapa Kenya maduka ya dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, yaani PPB. Kwenye tovuti ya bodi hiyo unaweza kuangalia kama duka lina leseni. Mwombe kijana wako akusaidie kuangalia kabla ya kulipa, si baada.

Mzigo ukifika, usimeze mara moja. Soma jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia kama pakiti imefunguliwa. Linganisha na pakiti yako ya zamani. Ukiona tofauti usiyoielewa, njoo nayo zahanati tuitazame pamoja. Nasi tunaweza kuipeleka taarifa hiyo PPB.

Kabla ya hayo yote, uliza kwanza kituo kilicho karibu nawe. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya ukimwi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Hakuna sababu ya kuzinunua kwa simu. Kwa dawa za presha na kisukari, acha nambari yako ya simu ili ujulishwe zikifika. Sisi tumeanza kuandika nambari hizo katika daftari, na daftari hilo lilianza siku ile ya mama niliyekueleza.

Mwisho, na ndilo kubwa, ni gharama ya siku ambazo huna dawa. Presha haiumi. Unaweza kulima, kupika na kucheka huku damu inasukuma mishipa kwa nguvu. Kisha siku moja mkono unalegea na mdomo unapinda. Hicho ni kiharusi, na gharama yake haihesabiwi kwa bei ya vidonge. Kwa hivyo, kama unaagiza kwa intaneti, agiza ukiwa bado umebakiza vidonge vya siku 10. Mzigo ukichelewa na umebakiza vya siku 3, usiendelee kungoja. Nenda duka la karibu ununue vya siku chache, hata kama bei ni ya juu kidogo. Na usikate kidonge nusu ili kikufikishe mbali, isipokuwa daktari amekuambia.

Yule mama tulimpa dawa siku ile ile, tukamwita baada ya juma moja, na presha ilikuwa imeshuka. Mzigo wake ulifika baadaye, ukiwa salama. Alinionyesha akacheka, akasema, "Sista, sasa ninazo za akiba." Alikuwa na bahati. Wewe usitegemee bahati, msikilizaji. Tegemea hesabu.

Ikiwa una swali, tembelea zahanati iliyo karibu nawe, au mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako.