Zoloto, mlinzi wa njia ya pumzi

Leo tunasema juu ya kiungo ambacho kila mmoja wetu anakitumia, na ni wachache wanaojua jina lake: zoloto.

Weka kidole mbele ya shingo, kisha meza mate. Kile kinachopanda na kushuka ndicho zoloto. Kimejengwa kwa gegedu 9 zilizoshikanishwa na misuli. Ndani mna mikunjo miwili ya nyama laini. Tunaiita nyuzi za sauti, lakini inafanana zaidi na midomo midogo. Pumzi ikitoka mapafuni hutetemeka, kwa mwanamume mara 100 na zaidi kwa sekunde, kwa mwanamke mara 200 hivi. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Mhispania Manuel García, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaiona mikunjo yake mwenyewe ikifanya kazi.

Hata hivyo, kuimba ni kazi ya pili. Ya kwanza ni ulinzi. Chakula na pumzi hupitana kooni, kwa hiyo kila tunapomeza zoloto hupanda, kidakatonge huinama juu yake, mikunjo hujifunga, na pumzi husimama kidogo. Mchukuzi anayeinua mfuko wa koltani naye hufunga mlango huohuo bila kujua. Hewa hubaki kifuani, na mgongo unapata nguvu. Ule mguno tunaousikia njiani ni hewa inayotoka mlango ukifunguka. Mama anayejifungua hufanya vilevile.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhangaisha. Mtoto anakimbia na kucheka akiwa na karanga mdomoni, mara punje inaingia njia ya pumzi. Akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, msichokoe koo kwa kidole, kwa maana mnaweza kuisukuma ndani. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Ikikataa, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Rudia hivyo, na mwingine akimbie kuita msaada. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 msimbonyeze tumbo. Alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5. Kisha ageuzwe, abonyezwe katikati ya kifua kwa vidole 2, mara 5. Tungefurahi kwaya na kikundi cha akina mama wakijizoeza hili kabla ya kujifunza wimbo mpya. Karanga zisizosagwa zingoje mpaka mtoto apite miaka 5.

Kuna pia dondakoo, ugonjwa unaotandaza utando kooni hadi pumzi inafungwa. Chanjo yake watoto hupewa wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Mama aliyekimbia vita akakosa tarehe asione haya. Aende tu na mtoto.

Rovu nalo hukaa karibu na zoloto, na likikua hubana njia ya pumzi. Huko Idjwi, katika ziwa letu la Kivu, wataalamu walilichunguza miaka mingi wakaona linatokana na ukosefu wa ayodini pamoja na muhogo usiolowekwa vizuri. Basi tununue chumvi yenye ayodini, na muhogo tusiutoe majini kwa haraka.

Mwanakwaya ambaye sauti imekauka apumzike siku chache na anywe maji. Akiwa na la kusema aandike, kama Zakaria na kibao chake. Mchimbaji aliyekaa katika vumbi, na mvutaji wa tumbaku zaidi, wasizoee sauti ya kukwaruza. Ikipita majuma 3, waende kituo cha afya, waombe kuelekezwa kwa daktari wa koo, atazame ndani kwa kioo.